Mguu wa Nyuma

Saa kumi na moja asubuhi, kabla Sirisia haijaamka vizuri, mimi huwa nimesimama nyuma ya jikoni la Mayi, chini ya mti wa avokado. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, magoti yamekunjika kidogo. Mkono wa kushoto umenyooka mbele usawa wa bega, wa kulia uko karibu na kitovu. Sisogei. Nakaa hivyo dakika ishirini, siku nyingine thelathini.

Mara ya kwanza jirani yetu aliponiona, alikuwa anaenda kukama. Alisimama na ndoo yake akanitazama weee, kisha akauliza, "Unangoja mtu?"

Nikamwambia hapana, mama, nafanya mazoezi.

Akaangalia miguu yangu, akaangalia mkono wangu. "Lakini hufanyi kitu," akasema, akaenda zake. Kufikia saa ya chai kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba ule mjengo wa Wachina umenirudisha nyumbani na kitu kichwani.

Hawajakosea sana.

Mchezo wenyewe unaitwa xingyiquan, yaani ngumi ya umbo na nia. Wachina huuweka katika kundi la sanaa za ndani, pamoja na taiji na bagua. Taiji umeiona, hata kama hujui jina: wale wazee wanaosogea polepole kwenye bustani kama wako chini ya maji. Xingyi si hivyo. Xingyi inaenda mbele, moja kwa moja, haina mapambo. Kuna ngumi tano za msingi: ya kupasua kama shoka, ya kuchimba kwenda juu, ya kusukuma mbele kama mshale, ya kulipuka kama mzinga, na ya kukingama. Halafu kuna wanyama. Kwa wengi ni kumi na wawili: joka, chui milia, nyani, farasi, mamba, jogoo, kipanga, mbayuwayu, nyoka, tai, dubu, na ndege mmoja ambaye hata Wachina wenyewe hubishana ni ndege gani.

Si kumwiga mnyama kwa kulia kama yeye na kukunja vidole. Ni kuuliza swali moja: huyu mnyama nguvu yake inatoka wapi, na inapita wapi mpaka inafika?

Swali hilo nilikuwa nimeshaulizwa zamani. Si na Mchina. Na Papa, katika soko la Chwele, nikiwa na miaka tisa.

*

Papa alikuwa mtu wa plau. Alikuwa na maksai wanne, na kila msimu wa mvua watu walimwita awalimie kuanzia kwetu mpaka karibu na Namwela. Siku hiyo mmoja wa maksai alikuwa amezeeka na tulikuwa tumeenda kununua mwingine. Mimi nilimwona mmoja mwekundu, pembe ndefu kama baiskeli ya zamani, nikamwonyesha. Papa alicheka.

"Pembe ni za kutisha watoto," alisema. "Angalia mguu wa nyuma. Ng'ombe anavuta na mguu wa nyuma."

Akazunguka, akainama, akapapasa paja la dume mwingine mweusi asiye na sura, akamsukuma kidogo kwenye kiuno kuona atajibu vipi. Yule mweusi ndiye tuliyerudi naye nyumbani.

Papa na ng'ombe, manze, ilikuwa kitu cha kutazamwa. Hakuwapiga. Kiboko alikuwa nacho, kilikaa begani, lakini kazi aliifanya kwa mdomo na kwa kamba. Maksai akikataa kugeuka mwisho wa shamba, Papa hakuvuta. Alilegeza. Alimfuata hatua mbili kule alikotaka kwenda, akimnong'oneza kwa Lubukusu, halafu ile hatua ya tatu unaona mnyama mzima wa kilo mia nne amegeuka mwenyewe, kama vile lilikuwa wazo lake.

Kile kiboko kilifanya kazi nyumbani. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Nikipoteza mbuzi, kiboko. Nikiwa nambari ishirini darasani, kiboko. Siandiki haya kumshtaki mtu; nikiuliza marafiki zangu wa rika, nusu yao watakuambia hadithi hiyohiyo na wacheke. Lakini nakumbuka nikiwa nimelala kifudifudi, mgongo unawaka, nikimsikia huko nje akiongea na yule maksai mweusi kwa ile sauti ya chini. Nilimwonea wivu ng'ombe.

*

Kwa hiyo nilitaka kuwa mgumu. Mtoto anayepigwa hataki amani, anataka mkono mkubwa zaidi.

Shule ilipatikana kibandani, kwenye video. Ukilipa shilingi tano unakaa kwenye benchi, jenereta inanguruma nje, na DJ Afro anakuelezea sinema ya Kichina kwa maneno ambayo hakuna Mchina aliyewahi kuyasema. Tulitazama mpaka tukajua nani atakufa. Tuliyoipenda zaidi ni ile ya Jackie Chan ya mwaka 1978, *Snake in the Eagle's Shadow*, ambamo kijana anayeonewa na kila mtu anafundishwa mtindo wa nyoka na mzee ombaomba, halafu anamtazama paka akipigana na swila na kutoka hapo anapata dawa ya adui yake. Tulitoka pale kila mmoja ana mnyama wake. Mimi nilikuwa chui milia. Nilipiga mti wa avokado kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Mti ni uleule ninaosimama chini yake leo.

Halafu mlima ukaanza kulia. Kuanzia 2006, mzozo wa ardhi ya Chepyuk uligeuka kundi la wapiganaji, SLDF, na watu wakaanza kushuka kutoka upande wa Cheptais na magodoro kichwani. Wengine walikuwa wamekatwa masikio. Machi 2008 jeshi likapanda na Operesheni Okoa Maisha, na baadaye mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya mateso ya pande zote mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilichojua ni kwamba usiku unasikia milio kule juu, na Papa analala na panga chini ya kitanda, na mikono yake inatetemeka anapolitafuta. Sikuwahi kuona mikono hiyo ikitetemeka. Nikaamua kwamba hata yeye si mgumu vya kutosha. Mimi nitampita.

Agosti 2010 ilikuwa zamu yangu ya kisu. Kwetu Wabukusu tunatahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na unajua mambo yake: unazunguka na chinyimba ukialika watu, alfajiri unapelekwa mtoni kupakwa matope, unarudi uchi huku watu wanaimba sioyaye, unasimama mbele ya kila mtu anayekujua. Usipepese. Usitikisike. Nilikaza kila kitu: meno, shingo, magoti, vidole vya miguu. Nilisimama kama nguzo ya simenti. Papa akasema, "Umesimama." Neno moja tu. Nililiishi neno hilo kwa miaka minane.

*

Mwaka 2018 nilipata kazi ya karani wa stoo katika kambi ya barabara, huku huku Magharibi. Ndani ya kambi kulikuwa na fundi mmoja wa mitambo, mzee kutoka mkoa wa Hebei, mfupi, ana kitambi, anavuta sigara kama bomba la trekta. Kila alfajiri alikuwa nyuma ya makontena akisimama vile vile ninavyosimama mimi sasa. Wiki mbili nilimtazama. Wiki ya tatu nikamfuata, nikamwonyesha vifundo vyangu vyenye sugu, nikamwambia nifundishe.

Akanyoosha kiganja. "Piga."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa kama kupiga blanketi lililoanikwa kwenye kamba. Halafu akaweka kile kiganja kwenye kifua changu, taratibu kama anayetaka kupangusa vumbi, na nikajikuta nimekaa kwenye kokoto mita mbili nyuma. Sikuumia. Hicho ndicho kilichoniudhi.

"Wewe ngumu sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kambi. "Ngumu, hapana fika."

Ilinichukua muda kuelewa alichomaanisha. Mtu akikaza mwili wote, nguvu yake inajifunga yenyewe: bega linapigana na kiwiko, kiuno kinazuia mguu. Inabaki ndani, inakuchosha wewe. Katika xingyi wanasema mkono uende na mguu, kiwiko na goti, bega na nyonga, na vyote vifike pamoja. Kinachosukuma ni mguu wa nyuma. Mkono ni mlango tu wa kutokea.

Na huwezi kuruka madarasa. Mzee alinieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe, kuhusu Guo Yunshen, bingwa wa Hebei wa karne ya 19, ambaye maneno yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Sun Lutang katika kitabu cha mwaka 1924. Guo aligawa nguvu mara tatu. Ya kwanza ni nguvu ya wazi, inayoonekana: kali, iliyopangika, inayojenga mifupa. Ya pili ni nguvu iliyofichika: laini kwa nje, inayojenga mishipa na kano. Ya tatu ni nguvu inayogeuka, ambayo inaosha hata uboho. Hapo ngumu na laini hazitenganiki tena, na mtu hajui amesukumwa na nini. Kinachonipendeza ni kwamba Guo hakumdharau anayeanza na ugumu. Ugumu ni darasa la kwanza. Shida ni mtu kurudia darasa la kwanza mpaka uzee.

Mzee alinipa dubu. Nikamwambia kwetu hakuna dubu, sijawahi kumwona isipokuwa kwenye simu. Akauliza, kuna nini? Nikamwambia kuna ng'ombe.

Jumamosi moja nikampeleka Ikolomani, upande wa Kakamega, kuona mafahali wakipiganishwa. Tulitoka usiku maana mambo yale ni ya asubuhi mapema. Kulikuwa na umande, watu wamejaa, isukuti zinalia, mashabiki wanakimbia na fahali wao wakimwimbia sifa. Fahali hawapigani mpaka kufa; wanafungana pembe na kusukumana, na anayegeuka kukimbia ndiye ameshindwa. Mmoja alikuwa mkubwa, mweupe, mwenye kishindo. Mwingine alikuwa mdogo kidogo, mweusi, na kwa sababu zangu binafsi nikawa upande wake.

Yule mkubwa alisukuma, na mdogo akarudi nyuma, akarudi, akarudi. Nikasema basi, kwisha. Lakini Mzee alinigusa mkono akaonyesha chini, kwenye miguu ya nyuma. Yule mweusi hakuwa anasukumwa. Alikuwa anarudi kwa hatua zake mwenyewe, kwato za nyuma zimezama kwenye udongo, shingo imelegea. Mkubwa aliporusha uzito wake wote, mdogo aligeuza kichwa kidogo tu, sentimita chache, ile nguvu ikapita kando yake, na katika nafasi hiyo hiyo mguu wa nyuma ukasukuma. Yule mweupe akapoteza miguu, akageuka, akakimbia, na watu wakamwagika uwanjani.

Mzee alicheka mpaka sigara ikaanguka. "Dubu!" akaniambia. "Ile dubu!"

Nikakumbuka Papa amelegeza kamba mwisho wa shamba. Kumbe nilikulia na mwalimu nyumbani.

*

Mwaka 2022 Papa alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulikwenda, pamoja na nusu ya maneno yake. Mkataba wangu ulikuwa umeisha, ndugu zangu wako mbali na wana watoto, Mayi ni mdogo wa mwili. Nikarudi Sirisia.

Hakuna anayekuambia kwamba kumuuguza mzazi ni kazi ya kubeba. Kitandani mpaka kitini, kitini mpaka chooni, na kurudi, mara nane au tisa kwa siku. Papa bado ni mtu mzito. Na hataki. Mtu aliyewahi kugeuza maksai wanne kwa kunong'ona sasa anainuliwa na mwanawe kama gunia la mahindi, na anakaza mwili mzima kwa aibu, na mimi nakaza mwili mzima kwa haraka. Wiki za kwanza nilimvuta kwa mkono ule uliopooza. Sikujua. Daktari wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenikemea: bega la mtu wa kiharusi limelegea, ukilivuta linaweza kuchomoka. Sogea karibu, akasema, piga magoti yako, tumia miguu, usimvute mkono kamwe.

Miaka minne nimefundishwa maneno hayo nyuma ya makontena, na bado nilihitaji kukemewa.

Siku ninayotaka kuandika juu yake ilikuwa ya mvua. Nilikuwa nimechoka, yeye alikuwa amejichafua, na nilimwinua vibaya. Akaumia. Akanipiga kofi la uso kwa ule mkono wa kushoto uliobaki mzima. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeudaka kifundoni. Niliubana. Nilikuwa na nguvu zote za yule kijana aliyepiga mti, na mbele yangu alikuwa yule mtu niliyezikusanyia.

Nikamwangalia machoni. Alikuwa ananiogopa.

Ninaujua woga ule. Nimeulalia kifudifudi. Na ukweli ni kwamba kwa sekunde moja, labda mbili, ulinipendeza. Nimejaribu kuandika insha hii bila sentensi hiyo na haisimami.

Kisha nikalegeza. Sikuachilia, maana ningemwachilia angeanguka. Nililegeza tu, nikaufuata mkono wake kule ulikotaka kwenda, nao ulitaka kwenda chini, kwenye paja lake, kupumzika. Nikakaa kitandani kando yake. Mvua ilipiga mabati. Hatukusema kitu. Baada ya muda nikaweka mguu wa nyuma chini yangu, kifua changu karibu na chake, mikono yangu nyuma ya mgongo wake, na nikangoja. Alivuta pumzi. Hapo hapo, na pumzi ile, nikasukuma ardhi. Tukainuka pamoja. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kumjua.

Sitaki kudanganya kwamba hapo ndipo mambo yalipona. Hajaniomba msamaha wa kile kiboko, na mimi sijamwomba msamaha wa kile kifundo cha mkono. Kuna siku bado nakaza. Na siwezi kusema ugumu ulikuwa bure, kwa sababu bila mifupa ile ya darasa la kwanza nisingeweza kumbeba mara tisa kwa siku. Lakini siku hizi, kabla ya kumgusa, huwa nangoja pumzi. Wakati mwingine ananong'ona kitu kwa Lubukusu tunapoinuka, na sijui kama ananiongoza au anajiongoza mwenyewe.

Asubuhi kukiwa hakuna baridi, namtoa nje kwenye kiti chake aote jua likichomoza, nami naenda kusimama chini ya avokado. Kwa miezi alinitazama bila neno, kama yule jirani na ndoo yake. Juzi nilikuwa katikati ya dakika zangu ishirini, akili imeshaenda kwenye bei ya mbolea, nikasikia koo likisafishwa.

"Mguu," Papa akasema. Maneno humtoka moja moja sasa. "Wa nyuma. Umelala."

Aliyasema kwa ile sauti ya chini. Ile ya shambani.

Nikaurekebisha mguu.